Nilidhani ni Mbolea

Nilisoma mpaka darasa la tatu, na nikiwa mtu mzima nikaenda ngumbaru kujifunza kuandika vizuri, kwa hivyo anayesoma anivumilie. Kuna mistari hapa niliyoiandika nikaikata, nikaiandika tena. Mjukuu wangu ndiye aliyeniruhusu. Alisema, andika yote, lakini usiweke jina la mtu. Sitaweka.

Nyumba yangu iko juu kidogo ya Nyaramba, chai upande mmoja, migomba upande mwingine. Kwetu, msichana akifika miaka kumi hivi, haendelei kulala nyumba ya mama yake. Anahamia kwa nyanya. Ni kwa sababu ya ile heshima tunayoiita chinsoni. Kuna mambo ambayo mama na binti hawatajiani, na baba na binti ndio kabisa. Mambo ya mwili na ya kitanda yana mwenyewe, na mwenyewe ni nyanya. Nyanya na mjukuu hawaoneani haya. Namwita mke mwenzangu, ananiita mzee aliyechoka kupendwa, tunacheka. Hata kijana atakayemwoa huniita mimi mke wake mbele ya watu na hakuna anayeshangaa.

Mjukuu huyu ni binti wa mwanangu wa kwanza. Alilala kwangu miaka minane, mgongo wake ukigusa wangu wakati wa baridi. Nilimfundisha namna ya kujiweka safi siku zake zikifika. Nilimwonya juu ya wanaume wenye maneno matamu. Ukimwi nilimtajia, kwa sababu ulitangazwa redioni mpaka kanisani. Kaswende sikumtajia. Niliijua kwa jina tangu nikiwa msichana, nikadhani ni ugonjwa wa zamani, wa wanaume waliokuwa wakirudi kutoka kazi za mbali, na kwamba uliisha walipozeeka. Na jambo ambalo nyanya hakukutajia, kwetu, hakuna mwingine wa kukutajia.

Alimaliza shule, akaolewa Kiogoro, karibu na mji wa Kisii. Mume wake ni kijana mrefu, anafanya kazi mjini kwenye duka la vifaa vya ujenzi, duka la familia ya Kihindi. Kubeba simiti, kupima nyaya, kupakia mabati. Nilimpenda kijana huyo siku ya kwanza, kwa sababu alikula matoke yangu akamaliza, kisha akaosha sahani mwenyewe. Sikumwambia kwamba nampenda. Mimi si mtu wa kubembeleza.

Mwaka wa kwanza wa ndoa, mjukuu alikuja kunisaidia kuchuma majani chai msimu wa mvua. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Nilimwambia asiende kliniki bado, kwa sababu kwetu mimba haitangazwi mapema, mtu husubiri tumbo lenyewe lijitangaze. Alinisikiliza. Siku zote alinisikiliza, na hilo ndilo linaloniuma.

Jioni moja, akimenya ndizi, nikaona viganja vyake. Vilikuwa na madoa, mekundu yakielekea kahawia, kama mtu amedondoshewa chai ya rangi. Nikamwambia avue gambuti. Nyayo pia. Nikamuuliza kama yanawasha, akasema hapana, hata hakuwa ameyaona vizuri. Wiki hiyo tulikuwa tumetoka kumwaga mbolea kwenye chai. Nikasema ni mbolea. Nilisema kama mtu aliyesomea. Nikamlaza kwenye kiti, nikampaka mafuta ya kukamulia ng'ombe, viganja na nyayo, kila jioni, nikimkanda kidole kimoja kimoja. Alikuwa akisinzia nikimpaka. Wiki tatu baadaye yale madoa yakaisha, na mimi nikajisifu kwenye kituo cha majani chai kwamba mafuta yangu yanashinda ya daktari. Mama mmoja akaja na kikombe kuomba.

Sasa najua kwamba madoa yale huja yenyewe na kuondoka yenyewe. Sikuyaondoa mimi. Yalikuwa yameingia ndani tu.

Mwezi wa saba wa mimba alikuwa bado kwangu. Asubuhi moja, kabla ya saa nne, tumbo likamshika, na kabla hatujapata pikipiki ya kumpeleka hospitali mtoto alikuwa ametoka. Alikuwa wa kiume. Hakulia. Nilimpokea kwa mikono hii, nikamfunga kwa leso yangu ya kanisani kwa sababu ndiyo iliyokuwa safi.

Hapa ndipo nilipokata mistari mara nyingi.

Akina mama wawili wa jirani walikuja, wazee kama mimi. Walikaa, wakatazama chini, kisha mmoja wao akanitazama. Nilijua alichotaka. Wazee wetu husema mwanamke mwenye mimba akitembea na mwanamume wa nje, mtoto hufa, na mama naye atamfuata asipotaja jina la huyo mwanamume. Tunaiita amasangia. Mama mzazi wa msichana alikuwa nje, hawezi kuuliza jambo kama hilo. Wa kuuliza nilikuwa mimi. Na damu ilikuwa bado inatoka, nami niliogopa, nikawaza nitazika wawili.

Nikamwambia, "Taja jina lake."

Alikuwa ameegemea ukuta, miguu imenyooshwa.

"Sina wa kutaja, magokoro," akasema. Magokoro ni nyanya, kwa Kikisii.

Nikamuuliza mara ya pili. Nikamuuliza mara ya tatu, kwa sauti ile ninayotumia kwa ng'ombe aliyeingia kwenye mahindi. Hakujibu tena. Damu ilitulia yenyewe adhuhuri, bila jina lolote. Tukamzika mtoto nyuma ya nyumba, karibu na migomba, na baada ya siku nne mjukuu akarudi kwake Kiogoro. Hakutaka kwenda hospitali, na mimi sikumlazimisha. Hilo nalo niliandike.

Zaidi ya mwaka mzima alinipigia simu kwa maneno machache. Hujambo, sijambo, ng'ombe anaendeleaje. Utani uliisha. Nilikuwa nikiitazama ile sehemu ya kitanda alipokuwa akilala zamani nakasirika, na nilidhani namkasirikia yeye.

Halafu Alhamisi moja alikuja bila kusema anakuja. Nilikuwa naanika nafaka ya wimbi. Aliketi kwenye mkeka, akatoa kitabu cha kliniki kwenye mkoba, akaniwekea mapajani.

"Soma," akasema.

Nasoma polepole, kwa kidole. Mimba, miezi minne. Safari hii alikuwa amekwenda kliniki bila kuniuliza. Ukimwi, hana. Chini yake palikuwa na neno lililoandikwa kwa kalamu nyekundu. Nililisoma mara mbili nikitumaini nimekosea herufi. Kaswende, ipo.

Akaniambia yote hapo kwenye mkeka, akichambua mawe kwenye wimbi wangu bila kuombwa. Alikuwa ametobolewa kidole, matokeo yakatoka kabla hajamaliza kunywa chupa ya maji. Nesi alimdunga sindano ya kwanza siku hiyo hiyo, na akampa barua ya kumwita mume. Barua hiyo ilikuwa na wiki moja ndani ya kitabu. Hakuwa amempa. Atasema nini? Mtoto wa kwanza amekufa, kijiji kimenong'ona, na sasa anamletea mume ugonjwa wa aina hiyo kwenye karatasi. Angesema, kumbe walikuuliza vizuri.

"Na mimi sijawahi kuwa na mtu mwingine, magokoro," akasema. "Si leo, si siku ile. Siku ile sikunyamaza kwa sababu nilikuwa naficha. Nilinyamaza kwa sababu ni wewe uliyeuliza."

Nilichukua uteo, nikapepeta wimbi ambao ulikuwa umeshapepetwa. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya na mikono yangu. Kisha nikamuuliza sindano ya pili ni lini. Akasema leo. Nikavaa viatu.

Kliniki tuliingia pamoja. Nesi alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya chini. Alimuuliza kama anakubali nyanya asikie. Akakubali. Nikaketi, na nikauliza kila kitu, kwa sababu nilikuwa nimechoka kujua vitu nisivyovijua.

Nesi alieleza kwamba kaswende ni kijidudu, hupita kwa kulala pamoja, na kwa mama kwenda kwa mtoto tumboni. Huanza na kidonda kimoja, mara nyingi sehemu za siri, na ubaya wake ni kwamba hakiumi. Kwa mwanamke kinaweza kuwa ndani asikione kabisa. Hupona chenyewe, mtu akadhani mambo yameisha. Wiki kadhaa baadaye huja vipele au madoa mwilini. Nayo hupita. Kisha ugonjwa hunyamaza ndani ya damu, hata miaka, na mtu anachuma chai, anaimba kwaya, hana habari. Mtoto tumboni ndiye huumizwa mapema. Wengine huzaliwa wagonjwa, wengine hawazaliwi wazima.

"Uliwahi kuona madoa kwenye viganja?" akamuuliza mjukuu.

Mjukuu aliniangalia mimi, si kwa hasira, alinisubiri tu.

"Nilidhani ni mbolea," nikasema.

Nesi akaweka kalamu chini. "Wengi hapa husema hivyo, mama. Ni mbolea, ni majani chai, ni sabuni. Lakini mbolea huwasha. Haya kwa kawaida hayawashi. Na mbolea ingeingiaje kwenye nyayo, mtu amevaa gambuti?"

Nimevaa gambuti miaka arobaini. Sikuwahi kufikiria hilo.

Akasema kwa kuwa hatujui ugonjwa umekaa muda gani, sindano zitakuwa tatu, moja kila wiki bila kuruka. Dawa yenyewe ni ya zamani na bado inatibu. Mizizi haitibu, mafuta hayatibu, na vidonge vya kununua kwa kukisia havitibu. Mtoto huyu ana nafasi nzuri kwa sababu mama amekuja mapema. Lakini mume asipotibiwa, na wakaendelea kulala pamoja, utarudi.

"Wewe una shamba," akaniambia. "Ukipalilia upande wako wa mpaka, jirani aache gugu lake la sangari, msimu ujao unakuwa na nini?"

"Sangari," nikasema.

"Basi nileteeni huyo jirani. Na asije na hofu kwamba tutatafuta nani alianza. Damu haisemi nani alianza. Inasema nani atibiwe."

Mjukuu alipolala kwa ajili ya sindano, maana hudungwa makalioni na dawa ni nzito, alinishika mkono. Mwaka mzima na zaidi hakuwa amenishika. Nikamwambia nesi anitoboe kidole na mimi. Akasema mama, umeniambia wewe ni mjane wa miaka ishirini. Nikasema toboa. Sikutaka atoke pale akiwa peke yake mwenye tone la damu kwenye kidole. Mimi sikuwa nayo, lakini pamba ya nesi niliishikilia mpaka nyumbani.

Barua ya mume niliichukua mimi. Mama mkwe hawezi kumwambia mkwe wake neno kama hilo, na mke alikuwa anaogopa. Nilibaki mimi, mke wake wa utani. Siku iliyofuata nilienda mjini Kisii, kwenye lile duka anakofanya kazi.

Vijana wenzake walinikuta mlangoni wakaanza. Mmoja akaita ndani, "Ndugu, mke wako mkubwa amefika, toka na sababu." Mwingine akaniuliza kama nimekuja kuchukua mume au kununua misumari. Nikamwambia nimekuja kuona kama mume wangu analishwa, maana huyo anayeniuliza naona ameshiba maneno. Wakacheka. Mama mwenye duka, mama wa Kihindi mwenye nywele nyeupe, akaagiza niletewe kiti na chai ya tangawizi, akamwambia kijana wangu apumzike na mgeni wake.

Tuliketi uani, kati ya mabomba na marobota ya seng'enge. Nilikuwa nimepanga kuanza kwa utani. Utani haukuja. Nikampa barua, nikamwacha asome.

Alisoma. Uso ukabadilika, nikajua linakuja swali lile, nikaliwahi.

"Kabla hujaniuliza nani kaleta," nikamwambia, "jua kwamba mimi nilishamuuliza mjukuu wangu swali hilo, siku aliyozika mtoto, mara tatu. Sikupata jibu kwa sababu hakukuwa na jibu. Usirudie kosa langu. Mimi najua linavyokaa."

Alikunja barua ikawa ndogo sana. Kisha akaanza kusema bila kuniangalia. Kabla ya kuoa alikuwa kwenye kazi ya mjengo, mbali, na alikuwa na mwanamke huko. Mara moja alipata kidonda. Kilikuwa kimoja, hakikuuma hata kidogo, na kilipona kabla hajapata nafasi ya kwenda popote. Alinunua vidonge viwili vitatu kwenye duka la dawa, kwa ajili ya kujiridhisha tu. Alipomwoa mjukuu wangu walipimana ukimwi, wakafurahi, wakadhani wamepimana yote.

"Hakikuuma," akasema tena. "Kingeuma ningeenda."

Halafu akasema lile ambalo nilikuwa nimeliogopa njia nzima. "Kwa hivyo ni mimi niliyemuua yule mtoto."

Mimi ni mkali, kila mtu anajua. Ingekuwa siku nyingine ningesema ndiyo. Lakini nilikumbuka viganja vile mkononi mwangu kila jioni, vimejaa mafuta, na usingizi wake wa kuniamini.

"Tulikuwa wengi, mume wangu," nikamwambia. "Wewe ulikuwa na kidonda kisichouma. Mimi nilikuwa na madoa yasiyowasha, nikayapaka mafuta. Nikamzuia asiende kliniki. Hakuna kati yetu aliyejua. Sasa tumejua, na kuna mwingine tumboni. Kesho nesi yupo kuanzia asubuhi."

Akafuta macho kwa mkono wenye simiti, ikabidi nimsafishe kwa leso kama mtoto. Mama mwenye duka alipita, akatuona, akajifanya anahesabu mabomba.

Alienda. Na kabla ya kwenda alimwambia mke wake mwenyewe, jioni ile. Walichoambiana sikukiuliza, ni chao. Damu yake nayo ilionyesha ugonjwa. Alidungwa wiki tatu. Wiki ya kwanza alirudi kazini anachechemea, wenzake wakamuuliza kama ng'ombe amempiga teke, akasema ni mke mkubwa. Nesi aliwaagiza wasikutane kimwili mpaka wote wawili wamalize dawa na siku zilizoagizwa zipite, na akawaeleza habari ya kondomu bila kupepesa macho. Akawaambia pia kwamba kupona leo hakumkingi mtu na kesho, akiupata tena atakuwa nao tena. Na kile kipimo cha kidole kinaweza kuendelea kuonyesha alama hata mtu akiwa amepona, kwa hivyo watunze karatasi za matibabu na wasiogope bure. Kuna kipimo kingine cha kufuatilia.

Miezi iliyobaki sikulala vizuri. Kila mwezi alipokuja, nilishika viganja vyake kwanza ndipo nisalimie. Alikuwa akivitoa mwenyewe, viwili, vimefunuliwa, kama mtoto wa shule anayekaguliwa kucha, na akisema, "Kagua, mke mwenzangu." Hivyo ndivyo utani ulivyorudi. Sikumwomba msamaha kwa maneno. Nilijaribu mara moja, tukiwa tunachambua chinsaga, akanikatiza akasema mboga inanyauka.

Alijifungua hospitalini, mchana, miezi ikiwa imetimia. Nilikuwa nje kwenye benchi na chupa ya uji wa wimbi, mama mkwe wake wa Kiogoro kando yangu, na tukamsikia mtoto. Alilia, sauti ya kukasirika kabisa. Mama mkwe alinishika goti.

Mtoto alitolewa damu, akatazamwa ngozi, macho, tumbo, viganja na nyayo. Daktari alisoma zile karatasi za sindano za mama, za baba pia, akasema tarehe zote ziko sawa na mtoto anaonekana mzima, lakini aendelee kuletwa aangaliwe. Ni msichana.

Tuliporuhusiwa kuingia, nilisimama nyuma. Kwetu jina la mtoto hutajwa na upande wa baba, na wa kulitaja alikuwa mama mkwe. Nilikuwa nimekuja kuona tu. Lakini nikaona mjukuu na mama mkwe wake wanatazamana, na mama mkwe akainamisha kichwa kwamba sawa, kumbe walishakubaliana.

Mjukuu akaniwekea mtoto mikononi, mikono hii hii. Nikafunua kidole kimoja kimoja, nikatazama ndani ya kiganja. Palikuwa na mistari tu, na uchafu mweupe wa kuzaliwa.

"Taja jina, magokoro," akaniambia.

Alilisema taratibu, akiniangalia, na nilijua anajua anachosema. Siku ile yeye hakuwa na wa kutaja. Mimi nilikuwa naye. Nikalitaja, sauti ikiwa ndogo kuliko nilivyotaka, na mama mkwe akalirudia kwa nguvu ili mtoto alisikie. Hapa sitaliandika, kwa sababu niliahidi.

Wajukuu wawili wadogo wanalala kwangu sasa. Mkubwa ana miaka kumi na tatu. Wiki iliyopita nilimwambia habari ya kidonda kisichouma, na ya kupima damu kabla ya kuishi na mtu, vipimo vyote na si kimoja. Alijifunika shuka usoni akasema nyanya, aibu. Nikamfunua nikaanza tena.